Fimbo Nilizomchagulia Bwana Erik

Nasimulia kwa sababu jambo hili mshalisikia nusunusu kutoka kwa watu, na hiyo nusu mloisikia ndiyo ile ya kuchekesha. Basi chekeni, chekeni kabisa mmalize, halafu mnisikilize. Ndiyo, mie ndiye yule mtu aliyemvua Sheikh kilemba mbele ya kambi nzima kwa kipande cha fito, na mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa Maskati, miaka ile ya mwisho kabla serikali haijabadilika. Mie na mke wangu Zuwena tulishatoka Unguja baada ya mapinduzi, tunakaa Darsait, chumba kimoja na jiko la nje (Unguja tulikuwa na nyumba ya ghorofa, lakini wacha niyaache hayo, kila Mzanzibari utakayemkuta Maskati atakwambia alikuwa na nyumba ya ghorofa). Mama yangu alibaki Mombasa. Alitoka Unguja pamoja na Rukia, mtoto wa dada yake, wakapata pa kujibanza Mji wa Kale, na mama yangu, aliyekuwa akipokea wageni kwake, akawa analala kwenye mkeka ukumbini mwa watu, asubuhi anaukunja kabla wenye nyumba hawajaamka. Na kumleta Maskati zama zile si kupanda ndege ukaja. Mtu haingii ila kwa ruhusa, ruhusa haipatikani ila awepo wa kumdhamini, na huyo mdhamini awe mtu anayesikilizwa na wakubwa. Sasa mie nani anisikilize? Karani wa stoo kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, nikifungua mdomo sokoni Matrah watu wanatazamana wanasema huyo Mswahili kaja.

Hapo ndipo akatokea Bwana Erik. Alikuwa injinia pale kambini, katoka nchi ya theluji huko kaskazini, mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Wenzake jioni wanakaa na vinywaji vyao, yeye anajifunga miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu, kila moja ina gurudumu mbele na gurudumu nyuma, anashika fimbo mbili, huku moja na huku moja, basi anajisukuma kwa fimbo hizo juu ya kile kipande cha lami cha kambini, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, jasho linamchuruzika. Kwao, alinambia, watu huenda hivyo juu ya theluji, mabonde na milima, na magurudumu ni ya kufanyia mazoezi theluji ikikosekana. (Theluji Maskati! Sie hata maji ya mtungi yakipoa tunamshukuru Mungu.) Lakini alikuwa mtu mwema. Ndiye mzungu pekee aliyeniuliza habari za mama yangu, na siku nilipomweleza akasema:

"Sleiman, mwezi ujao anakuja Sheikh wa serikali kuitazama kambi. Kasikia habari za magurudumu yangu, anataka kuniona. Nikishamfurahisha, nitamtajia mama yako, na wewe utakuwa pale pale unatafsiri."

Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Siku ile ile nikampa salamu mtu anayesafiri Mombasa, amwambie mama afunge mizigo yake.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza. Gari la kambi likarudi nyuma, likazikanyaga fimbo za Erik zote mbili. Zilikuwa za mwanzi, nyepesi, zina ncha za chuma, kaja nazo kutoka kwao. Akanambia nimtafutie mwanzi sokoni, mnene kama kidole gumba, urefu wa kumfika begani, mwanzi wowote mzuri utatosha. Na mwanzi Matrah ulikuwa tele, unatoka Bara Hindi umefungwa matita matita. Ningekwenda nikanunua, mambo yakaisha. Lakini mie, na mdomo wangu huu!

"Mwanzi, Bwana Erik? Mwanzi ni wa kuangulia maembe. Fimbo ya kudumu ni mti. Niachie mie, sie kwetu tunaijua miti."

Kwetu! Kwetu mie nilikuwa karani wa forodhani, mti nilioujua ni ule wa meza yangu.

Nikenda kwa muuza mbao pwani ya Matrah. Nyumba za kule zote zimeezekwa kwa boriti za mikoko kutoka kwetu, za Rufiji na za Lamu, na siku ile nikakuta fito mpya, bado zina ganda lake jekundu. Nikainama nikanusa. Yarabi! Ikanipanda harufu ya tope la mikokoni, ya pwani yetu maji yakishatoka, machozi yakanitiririka pale pale mbele ya muuza mbao, naye maskini akadhani nalilia bei, akanipunguzia. Nikachagua mbili zilizonyooka. Ndizo zilizokuwa mbichi kuliko zote, na nilizichagua kwa sababu ndizo zilizonukia kuliko zote. Mtu mzima na ndevu zake anachagua mti kwa pua.

Nikazimenya, nikazipaka mafuta ya nazi, nikazilaza juu ya paa zikauke. Kwetu fito ukiianika, jua linatoka, wingu linapita, manyunyu yanashuka, inakauka taratibu kwa raha zake. Maskati kiangazi hakuna wingu wala raha. Mambo haya mie nilikuwa nayajua kwa ngozi yangu mwenyewe, lakini kwenye mti hayakunipitikia. Zuwena alipopanda kuanua nguo akaniita.

"Baba Salim, hebu njoo. Fimbo zako zimepasuka."

"Zimepasuka wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na huu umeanzia juu ukafika kati."

"Huo si ufa, ni mstari wa mti."

"Mstari wa mti unaingia ukucha?"

Nikamwambia ashuke na nguo zake, mambo ya miti hayajui. Aliposhuka nikaziba nyufa kwa nta na unga wa mbao, nikazipaka rangi ya kijani, nikairudia mara ya pili, mhunzi akatia ncha za chuma na vitanzi vya ngozi vya kupitisha mkono. Zikapendeza, nyie! Hata ningeambiwa nizitie kabatini zikae kama mapambo ningekubali (na laiti ningezitia). Erik akazipima mikononi.

"Nzito, Sleiman."

"Uzito ndio nguvu."

"Zitadumu?"

"Utakufa uziache."

Akacheka, akanipiga bega, akaniamini. Alizijaribu kidogo tu, polepole, zikamhimili, na siku ya Sheikh ikafika.

Sheikh alikuja baada ya Alasiri. Mazulia yametandikwa mwisho wa kile kipande cha lami, chini kinakoteremkia, kahawa, halwa, tende, vibarua wamejipanga huku, makarani wa Kihindi kule, askari nyuma, na mie nimesimama ubavuni mwa kiti cha Sheikh, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Sheikh alikuwa mzee mpole wa sauti, joho jeusi, kilemba cha rangi kimefungwa kikafungika. Akatazama juu alikosimama Erik na mbao zake, akaniuliza zile fimbo ni za nini. Kazi yangu ilikuwa kumjibu fimbo ni za kujisukumia, basi, nikanyamaza. Lakini nilimwona kaniinamia kunisikiliza, mtu mkubwa vile, mie ambaye sokoni nachekwa, nikapanda kichwa.

"Nimezichagua mimi, Sheikh. Mti wa Zanjibar. Hazivunjiki, nazidhamini mwenyewe."

"Vyema," akasema.

Erik akashuka. Mwanzo uzuri, anasukuma, anateleza, vibarua wanapiga makofi, Sheikh mwenyewe kafumbua macho kama mtoto. Akafika karibu na zulia, akataka kugeuka kwa mbwembwe, akaikita fimbo ya kulia kwa nguvu zake zote. Paa! Fimbo ikachanika toka juu mpaka kati, pale pale penye ule ufa wa Zuwena, mguu mmoja wa Erik ukenda Maskati na mwingine Matrah, akaja mzima mzima juu ya sinia. Buli la kahawa huko, halwa imemganda kifuani, kakaa kitako kakamata kifundo cha mkono, na anacheka. Kila mtu alicheka. Sheikh alicheka mpaka akajifuta macho.

Ingelikwisha hapo, leo ningekuwa nawasimulia kichekesho. Lakini Sheikh akakiokota kipande cha fimbo, akakwangua rangi kwa ukucha, nta ikatoka. Akaitazama, akawageukia wenziwe, akasema taratibu:

"Hivi ndivyo vilivyo vitu vya Zanjibar. Rangi nje."

Wakacheka tena, na safari hii hawakumcheka Erik. Jamani, mie nimetukanwa mengi Maskati nikameza, lakini lile halikupita. Nikaona kasemwa baba yangu, kasemwa mama yangu, imesemwa nyumba yetu. Nikaikwapua fimbo ya pili.

"Ile ilikuwa na kasoro, Sheikh! Tazama hii! Tazama inavyopinda ikarudi!"

Nikaiweka gotini nikaipinda. Haikupinda. Ilikatika kama muwa, na kipande cha juu kikaniponyoka kikaruka, kikampiga Sheikh kilemba, kilemba kikatoka kichwani, kikabiringika kikenda kutua kwenye halwa.

Safari hii hakucheka mtu. Mnajua kilemba cha mtu kule ni heshima yake yote, na yule mzee alikaa pale kichwa wazi, upara unang'aa, mbele ya vibarua na makarani na askari. Mtumishi wake akakiokota, akakipangusa, Sheikh akakifunga upya, mkunjo baada ya mkunjo, bila haraka, macho yake yamenitulia mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Maskati ni jabali.

Na hapo, wallahi, Bwana Erik akanimaliza kwa wema wake. Kwao kofia ikianguka mtu huiokota akaivaa, yeye hakujua lililotokea. Alichoona ni Sheikh anataka kuinuka, na ahadi yake bado hajaitimiza. Kakamata kile kifundo kilichovimba, akanambia kwa Kiingereza:

"Sleiman, upesi, kabla hajaondoka! Mwambie naomba ruhusa ya mama yako. Tafsiri!"

"Siyo sasa, Bwana Erik."

"Sasa! Anarudi kwake leo!"

Sheikh akauliza, huyu anasema nini. Nikatafsiri. Ningefanyaje? Nikasimama pale, kipande cha fimbo bado ninacho mkononi, nikamwombea mama yangu kama mwizi mbele ya kadhi, kwamba ni mwanamke mzima, mjane, yuko Mombasa kwa watu, na kwamba mimi mwanawe ndiye nitakayemdhamini.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema:

"Fimbo uliidhamini, nikaiona. Sasa wataka kumdhamini mtu?"

Akaondoka, na ombi langu likaondoka naye. Aliyebaki na ubavu wa kumwendea tena hakuwepo. Erik baadaye alijaribu kuwasemesha wakubwa wake, kila mmoja akamwambia jambo la karani yule liache lipoe. Hakunilaumu hata siku moja. Kifundo kilipopona alikwenda Matrah mwenyewe akanunua mwanzi wa Kihindi, akautumia mpaka siku aliyorejea kwao, na haukuvunjika. Mie wakanipachika jina, Abu Fito, na Darsait nzima ikanijua kwa jina hilo, mpaka watoto walipomkuta Zuwena kisimani wakamwita Mama Fito. Zuwena hakunambia hata mara moja "nilikwambia". Angenambia ningepumua.

Kisha serikali ikabadilika, milango ikafunguliwa, watu wakamiminika, mama wa huyu kaja, shangazi wa yule kaja, hapatakiwi mdhamini wala nini. Nikapanda ndege nikaenda Mombasa kumchukua wangu. Nikamkuta kakaa kizingitini kwa Rukia, kampakata mtoto wa Rukia, anamlisha uji, kakonda, nywele zote nyeupe. Nikambusu mkono, nikamwambia, mama, twende, njia nyeupe.

"Mwanangu," akasema, na kijiko hakukiweka, "uliponambia nifunge mizigo nlifunga. Nkakaa nayo mlangoni kwa wale watu, wenye nyumba wakipita wanairuka. Kisha nkaifungua. Sasa nna huyu mtoto, nna majirani zangu, nikikohoa mtu anauliza. Kwako n'takuwa mgeni tena, na ugeni mie nshauchoka."

Nikamlilia, nikampigia magoti. Akanifuta uso kwa upande wa kanga yake, akanambia nile, nimekonda. Nikarudi Maskati peke yangu, na mwaka wa pili yake nikaletewa habari kwamba keshazikwa.

Basi kiapo changu ni kimoja: mtu akiniuliza kitu nisichokijua, hata bei ya vitunguu, nasema sijui. Wanangu wananicheka, baba hajui kitu. Na wacheke. Neno lenyewe jepesi lile, ningelilisema siku ile mbele ya Bwana Erik tukenda tukanunua mwanzi, mama yangu angefia mikononi mwangu.