Jino la Salmini

Salmini wa Kitangari alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaani kwao, na sauti yake ilisikika hadi mashambani. Kabla hajaoa alianguka kutoka kwenye mkorosho, jino la mbele likavunjika. Akatengenezewa la bandia huko Masasi, la kibao cha plastiki chenye vikulabu vya waya. Alipomwoa Naima hakumwambia. Miaka ikapita, naye akazidi kuona haya kusema.

Kwenye arobaini ya shangazi yake, alikuwa anakula ming'oko, vile viazi vya porini, na kuku. Kaka yake Bwanali akasema neno la kuchekesha, Salmini akacheka, na jino likachomoka likaenda na chakula. Akashika koo, macho yamemtoka.

"Nini kimekukwama?" Bwanali akauliza.

"Mfupa," akajibu, mkono mdomoni.

Bwanali akamfinyangia matonge makubwa ya ugali wa muhogo. "Meza bila kutafuna. Utashuka tu."

Akameza huku machozi yakimtoka. Kitu kile kilishuka kidogo, kisha kikakaa.

Kwenye zahanati nako alisema ni mfupa. Wakampa dawa ya maumivu, wakamsisitiza aende hospitali kubwa akapimwe. Hakwenda. Huko si wangemfunua mdomo mbele ya mkewe? Akawa anakunywa uji, kisha maji matupu, mwisho hata mate akawa anayatema kwenye kopo. Bwanali akaanza kunong'ona kwamba mdogo wake karogwa. Homa ikapanda, shingo ikavimba, na ukiigusa ngozi inachakarisha kama jani kavu.

Naima akakodi gari, akampeleka hospitali. Daktari alimpima, akainama karibu naye. "Mzee, kweli ni mfupa?"

Salmini akageukia ukutani. "Jino. La bandia."

Waya ulikuwa umeshatoboa njia ya chakula, na usaha umeanza kushuka kifuani. Daktari alipotoka kwenda kuandaa upasuaji, Naima akasogea kitandani.

"Hilo jino nalijua, Baba Hamudi. Nalijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Nilinyamaza nisikuaibishe. Hata juzi nilipoona pengo, nilidhani umelivua kwa sababu ya maumivu."



Walimpasua shingo, wakalitoa. Akapona, kama kule ni kupona. Mshipa wa sauti uliumia, na sauti ikabaki ya kukwaruza. Adhana sasa anaadhini Kurwa, kijana wa mtaani. Kovu limebana njia ya chakula, kwa hiyo kila baada ya muda hurudi hospitali kupanuliwa, na chakula chake ni uji. Bwanali amekata mguu, haji tena pale nyumbani. Anasema ndugu yake alimfanya amshindilie mauti kwa mkono wake mwenyewe.

Naima humkorogea uji, humwekea mezani, kisha huenda kula jikoni. Siku moja Salmini alimwita waketi pamoja.

"Kunywa, utapoa," Naima akajibu kutoka huko huko jikoni.