Mahali pa Kusimama

Kuanza si kitu. Mupumbavu yeyote anaweza kufungua gazi, pikipiki ikaruka. Kusimama njo kazi. Mudogo wangu aliniambia hivyo siku ya kwanza, tukiwa mu matope juu ya Sake, kwenye barabara ya Masisi. "Kaka, pa kukimbilia iko. Pa kusimama iko wapi?" Yeye alikuwa motari, miaka mingi alibeba watu na mizigo ya Rubaya kwa pikipiki, alijua anachosema. Mimi niliuza vipuri mu duka, nilijua kuuza tu.

Nilitaka uwanja wa mashindano: pikipiki mbili, mustari mumoja ulionyooka, wa kwanza kufika mwisho njo mushindi. Basi. Wamotari walikuwa wanashindana mu barabara ya watu, wanagonga mbuzi, wanagonga wamama wenye kubeba mihogo, nami nikasimama kanisani nikasema nitawatengenezea pahali pao. Uongo mutupu! Nilitaka jina langu lisemwe toka Sake mupaka Kalembe. Sisi watu wa Butembo wanatusema tunapenda biashara. Mimi nilipenda kusifiwa kuliko biashara.

Tulifanya salongo, kazi ya pamoja, kila Jumamosi. Tulivuta kamba ya nailoni toka mukaratusi mumoja mupaka mwingine, tukachimba tukifuata kamba. Kwa kushindilia udongo, tulijaza pipa muchanga na mawe, pikipiki mbili zikalivuta kwenda na kurudi. Mvua ikaja ikaosha yote. Tukaanza upya, ikaosha tena. Niliwatukana watu waliokuja kunisaidia bure, mupaka wengine wakaacha majembe wakaenda zao. Mudogo wangu aliwafuata nyumbani kwao mumoja mumoja, akawaomba warudi, na wakarudi kwa sababu yake.

Uwanja wetu uliishia kwenye ukuta wa mbao wa muzee mumoja mufugaji. Nyuma ya mbao kulikuwa malisho yake, ferme kubwa, sawasawa kama kitanda. Pale njo pikipiki zingepunguza mbio. Nilienda kwake nikiwa na maneno mengi, lakini hakuyahitaji. Alitunywesha maziwa, akasikiliza, kisha akaenda mwenyewe kungoa zile mbao. "Vijana wasikufe," alisema. Siku ile ile akanipa mutamba, ngombe jike ambayo haijazaa, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji.

"Sasa tuko ndugu," akaniambia. "Uichunge."

Kwa wafugaji wa milima ile, ngombe ya namna hiyo hailiwi. Unaichunga, inazaa, siku moja unarudisha ndama, na kati ya nyumba zenu mbili kunakuwa njia: harusi munaitana, kilio munaitana. Mudogo wangu alinielezea. Alikuwa amekaa nao sana. Nilimusikia vizuri. Ila kwetu, ukipewa mbuzi, jioni iko mu sufuria, na moyoni nilikuwa namucheka yule muzee: mutu mwenye akili anatoa ngombe bure?

Nikaichinja asubuhi ya ufunguzi.

Ilikuwa Siku ya Mungu, baada ya misa. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Watu walijaa pande zote mbili, wachimbaji wa Rubaya, wauzaji wa Sake, musiki juu, mishikaki inanukia. Ngozi nyeusi nilikuwa nimeianika juu ya ukuta wa kibanda cha mishikaki. Muzee akafika na bibi yake, wamevaa nguo zao za harusi, bibi amebeba kibuyu cha maziwa.

"Mutamba wangu iko wapi, nimusalimie?"

Ningeweza kumuvuta kando. Ningeweza kudanganya. Nilimwonyesha ngozi kwa kidole, nikachukua mushikaki kwenye moto nikamupa mu mukono. "Iko huku, muzee. Salimia na meno!"

Watu walicheka. Walicheka sana, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Bibi yake alijifunika uso na kitenge. Muzee aliweka mushikaki kwenye sahani polepole.

"Ninafunga ferme yangu," akasema. "Sasa hivi. Waambie vijana wako mbele ya kuanza."

"Ndiyo, ndiyo, muzee."

Akaondoka. Mwisho wa uwanja ardhi inashuka kidogo. Mwenye kukaa juu ya pikipiki kwenye chokaa ya kuanzia haoni pale mbao zilipokuwa. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya meza. Niliona kofia ya muzee, kisha wanaume wawili na miti mabegani. Mudogo wangu alikuwa tayari kwenye mustari, pembeni ya muchimbaji mumoja wa Rubaya. Alinitazama, akainua kidole gumba. Nikajiambia huyu muzee ananitisha tu, hawezi kumaliza haraka vile. Na nikajiambia jambo lingine, na hilo njo la kweli: nikisimamisha sasa, watu hawa waliocheka muzee watanicheka mimi.

Nikashusha kitambaa cha kuwaanzisha.

Mudogo wangu alishinda. Yule wa Rubaya alikuwa nyuma, aliona miti, akajitupa mu majani. Mudogo wangu hakupata nafasi ya kusimama, akaigonga. Muguu wa kuume walimukata hospitalini, juu ya goti.

Muzee alifika kesho yake, mwendo wa saa mbili kwa muguu, na kibuyu cha maziwa. Alinikuta mu kolido, inje ya chumba cha wagonjwa.

"Haukuwaambia?"

"Nilisahau."

Hakunitukana, na ningependa anitukane. "Basi mwambie mudogo wako leo. Asinichukie bure."

"Nitamwambia."

Akaingia, akaweka kibuyu karibu na kitanda. Mudogo wangu aligeuza uso kwenye ukuta. Muzee alipotoka tu, akashika kibuyu akamwaga maziwa yote mu ndoo ya uchafu. "Anafunga barabara bila kusema, kisha ananiletea maziwa! Muuaji." Akalia. Tangu tukiwa watoto sikuwa nimemwona akilia.

Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake. Mukono wangu ulikuwa pale pahali muguu ungekuwa.

Muzee alileta maziwa siku sita. Siku sita yalimwagwa, na kila mara alinitazama mulangoni, akingoja niseme kweli. Ya saba nilimungojea inje, kwenye kibaraza. Nikapokea kibuyu, nikamwaga mwenyewe, nikakiosha vizuri, nikamurudishia na mikono miwili kwa heshima.

"Asante, muzee," nikasema. "Kesho usilete tena."