Siku Bibi Alipokwenda Kuripoti Toronto

Mwaka huu nilialikwa harusi Hamburg, kule Ujerumani. Nikashuka kituo kikuu cha treni na begi langu, simu imezima, na anwani ya wenye harusi imo ndani ya simu. Mwingine angelia. Mimi nilitafuta ile herufi ndogo ya i yenye kitone kichwani wanayoiweka mahali pa kuelekezea wageni, nikaingia, nikapanga foleni. Kijana wa kaunta alinipa ramani, akanikatia tiketi ya siku nzima ya mabasi na treni zote, akaniazima waya wa kuchajia simu, akanichorea njia kwa kalamu nyekundu. Dakika kumi kazi imekwisha. Nikamshukuru. Lakini badala ya kuondoka nikajikuta bado nimesimama pale, mikono juu ya kaunta.

"Kuna kitu kingine, mama?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Hakikuwapo. Nilikuwa nasubiri aniulize nimefikia kwa nani.

Tabia hiyo nimeitoa kwa bibi yangu mzaa mama, Toronto, miaka ya tisini. Kaa nikusimulie.

Kwanza ujue mimi sikusoma, na sisemi hivyo kwa aibu. Nilifika Kanada nina miaka kumi, nikatiwa darasa la watoto wa umri wangu wakati sijui hata Kiingereza cha kuombea ruhusa ya chooni. Nikakaa dawati la nyuma miaka yote nikitazama theluji dirishani, na nilipopata umri wa kuajiriwa nikaaga. Leo nina malori yangu ya kuhamisha vyombo vya watu, na waliosoma ndio wananiandikia barua za ofisini. Nimeota mvi, nina mjukuu. Mengi yaliyonifikisha hapa nilifundishwa na mwanamke aliyeishia darasa la nne.

Tulikuwa tunakaa Scarborough, kwenye moja ya yale majengo marefu, ghorofa ya kumi na moja. Baba alikuwa akiendesha lori la masafa, tunamwona kwa nadra. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Mdogo wangu alipozaliwa, mama akamwandikia bibi Morogoro aje kumlea. Bibi akaja mwezi wa kumi, na masanduku mawili. Ndani ya moja kulikuwa na kikaango cha chuma cha vitumbua, kizito kama jiwe la kusagia. Alikuwa hana imani kwamba Wazungu wanacho, na alikuwa sahihi.

Nyumba ikabadilika harufu. Ukitoka kwenye lifti ulipita mlango wa Wahindi ukasikia binzari, ukapita wa Wajamaika ukasikia samaki wa kukaanga, kisha kwetu: iliki, na mchele uliolowekwa tangu jana. Bibi aliisema vibaya nazi ya kopo kila alipoifungua, kisha akalamba kijiko. Nepi za mtoto alizifua kwa mkono kwenye bafu. Chini kulikuwa na mashine za jengo zima, ila alikataa kuchanganya nguo za mtoto na za watu asiowajua. Usiku na mchana lile bomba la kupashia joto lilikuwa likigonga ukutani kama fundi bati. Mimi niliipenda kelele ile. Ilikuwa na maana nyumbani kuna mtu.

Lakini bibi hakuwa na raha, na sababu yake hakuna mtu Kanada nzima ambaye angeikisia.

Kwao Morogoro bibi alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwa asiyejua, enzi hizo kila nyumba kumi zilikuwa na msimamizi wao, na mgeni akilala mtaani, hata kwa siku moja, wenyeji wake walimpeleka kwa balozi akaandikwa daftarini. Jina lake, ametoka wapi, amefikia kwa nani, amekuja kwa shughuli gani, ataondoka lini. Bibi aliifanya kazi hiyo miaka na miaka, kwenye kiti chake cha uani. Kwake, mgeni ambaye hajaandikwa ni mhalifu, au ni mtu ambaye wenyeji wake wanamwonea aibu.

Sasa yeye ndiye alikuwa mgeni. Wiki ya kwanza nzima alikuwa akioga asubuhi, anavaa kitenge kizuri, anaitia pasipoti kwenye mfuko wa nailoni, anakaa kwenye kochi kusubiri kupelekwa.

"Binti yangu," alimuuliza mama, "balozi wa hapa nitamwona lini?"

Mama alikuwa anafunga viatu vya kazini. "Mama, huku hakuna mambo hayo."

"Nyumba zote hizi, hakuna mwenye nazo?"

"Kila mtu na lake."

Bibi alijaribu kujitambulisha mwenyewe. Aliwasalimia watu ndani ya lifti, wao wakatazama namba za mlangoni. Wiki ya sita akaweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Nirudishe," akamwambia mama. "Nimeingia mji wa watu kama mwizi. Hakuna aliyeniuliza jina. Tiketi yangu ya kurudi ni ya mwezi wa tatu. Waambie waisogeze nirudi mwezi huu."

Mama alibembeleza siku tatu. Nilimsikia bafuni amefungulia maji ili tusisikie analia. Bibi akiondoka, mama angeacha kazi, na kazi ile ndiyo ilikuwa kodi na chakula. Na mimi, nitakuambia ukweli, sikuwaza kodi. Nilikuwa nawaza kurudi kutoka shule nikute nyumba haina mtu. Nilikuwa nimeshaishi hivyo mwaka mzima, ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, na sikutaka tena.

Mwishowe mama akakubali. Jumamosi yeye alikuwa zamu, kwa hiyo mimi ndiye nilipewa kazi ya kumpeleka bibi katikati ya mji, ofisi ya shirika la ndege, nikamtafsirie wambadilishie tiketi. Ilikuwa kama kupewa shoka uukate mguu wako.

Tukapanda basi, tukashika vile vikaratasi vya kubadilishia usafiri, tukaingia treni ya chini ya ardhi. Bibi alimbeba mtoto mgongoni kwa kanga, koti kubwa la baba juu ya wote wawili, kichwa cha mtoto kikichungulia kwenye kola. Watu walitukodolea macho. Tukapita ndani ya jengo moja la maduka ili kukwepa upepo, na kwa kuwa nilizoea kumsomea bibi kila kibao, nikamsomea na hicho.

"Habari kwa wageni."

Bibi akasimama. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kumbe wanapo!" akasema. "Mwezi na nusu mama yako ananificha! Mke mwenzangu, nitengeneze kilemba."

Wewe na mimi tunajua pale palikuwa pa watalii, watu wanaouliza mnara uko wapi na maporomoko ya maji yako mbali kiasi gani. Hata mimi nilijua. Nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikaufunga. Kusema kweli nilitaka tuchelewe, ofisi ya ndege ifungwe.

Kaunta ilikuwa na mama wa Kizungu mtu mzima, miwani imefungwa mnyororo shingoni. Zamu yetu ikafika.

"Msalimie," bibi akaniamuru.

"Nimeshamsalimia."

"Hukumsalimia, umemtupia neno. Muulize ameamkaje. Muulize watu wa nyumbani kwake."

Nikamuuliza. Yule mama akavua miwani, akasema nyumbani kwake anaishi na paka tu, na paka ni mzima.

"Anasemaje?"

"Anasema paka hajambo."

"Alhamdulillahi," bibi akajibu, wala hakucheka. "Sasa mwambie nimefika."

Nyuma yetu bwana mmoja mwenye kamera akaguna kwa sauti. Bibi akageuka. "Na huyu mwambie atulie, zamu yake ikifika ataandikwa."

Kisha akajieleza, mikono ameifunga mbele, kama walivyokuwa wakisimama watu mbele yake uani Morogoro. Anatoka wapi. Amefikia kwa binti yake, ghorofa ya kumi na moja, Scarborough. Mizigo miwili, hakuna kitu kibaya ndani. Amekuja kulea mjukuu, mwenyewe huyu hapa. Mimi nilitafsiri kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, masikio yananiwaka kwa aibu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakutuonyesha kibao. Alivuta kitabu kikubwa kilichokuwa pembeni ya kaunta, cha wageni kuweka majina yao wakipenda, akakigeuza kimtazame bibi.

Ungeuona uso wa bibi! Akavaa miwani, akapitisha kidole toka juu ya ukurasa, nami namsomea. Wajapani wawili. Mjerumani. Mtu ambaye hakuandika anakotoka.

"Huyu aliachiwaje?" bibi akauliza. "Na pa kuandika amefikia kwa nani pako wapi?"

"Hapapo, Bibi."

"Mwambie apige mstari."

Nikamwambia, nikitamani sakafu inimeze. Yule mama akatafuta rula kwenye droo, akapiga mstari, taratibu, kutoka juu hadi chini. Bibi akatikisa kichwa kumkubali, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Akaandika kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya maoni nikamweleza kwamba hapo unasema umeuonaje mji. Akaandika neno moja: Baridi.

Ndipo yule mama akauliza swali alilowauliza wageni wote, bila kujua anashika nini mkononi. "Utakaa mpaka lini?"

Nikatafsiri. Bibi hakuwahi kusema uongo mbele ya daftari. Akamtazama yule mama, akakitazama kile kitabu. Nadhani aliliona jambo lenyewe jinsi lingeonekana likiandikwa: mgeni amekuja kulea mtoto, ameondoka baada ya wiki sita kwa kununa.

"Mwambie mpaka mtoto huyu atembee," akasema.

Sijawahi kutafsiri kwa kasi kama siku ile.

Yule mama akasimama, akanyoosha mkono juu ya kaunta. "Karibu Toronto," akasema. Bibi akaushika kwa mikono yake miwili. Wiki sita, huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza wa mji ule kumkaribisha. Kisha yule mama akatupatia ramani, na kwa kuwa ramani ya watalii ilikuwa inaishia mbali kabla ya kufika kwetu Scarborough, akatuandikia basi letu kwa mkono kwenye mgongo wa karatasi.

Nje nikasema, kwa kuwa nilitumwa, "Bibi, ofisi ya ndege ni upande huu."

"Ofisi gani? Mtu ameandikwa leo halafu aondoke kesho? Unataka nimtie aibu yule mama? Twende nyumbani, mtoto ana njaa."

Jioni nilimsimulia mama pembeni, karibu na tundu la kutupia taka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akanishika bega. "Ukimwambia pale ni kwa watalii," akasema, "nitakurusha kwenye hili tundu." Sikumwambia. Sijutii.

Basi bibi akawa mtu. Theluji ikaja, naye akavaa viatu vya baba na soksi tatu, akawa anashuka mjini kila Jumamosi kwenda na vitumbua kwa yule mama wa kaunta, mimi mkalimani wao. Walizungumza habari za paka. Kisha wakaanza kufika watu kutoka Burundi na Kongo, jengo letu na majengo ya jirani. Bibi alikuwa akiwagongea milango, anawauliza mmefikia kwa nani, na Jumamosi anawapeleka mjini kuandikwa, wengine wakiwa wamevaa suti za kanisani. Nadhani walijua si lazima. Walikwenda tu, wakarudi na ramani mkononi na nyuso nyingine kabisa. Siku moja tulimkuta kijana mpya kwenye kaunta, akatuambia kile kitabu si cha mambo hayo. Nikatafsiri kwa uoga. Bibi akamtazama kwa huruma.

"Mwambie namsamehe," akasema. "Bado hajafundishwa kazi."

Vitu hivyo vimekwenda. Pale kwenye kaunta sasa wanauza makava ya simu. Bibi alitutoka akiwa Scarborough, miaka mingi baadaye. Lile jengo lina kamera kila kona, linajua sura ya kila anayeingia na halijui habari ya mtu hata mmoja. Mimi mwenyewe nahamisha watu kila siku, nawashushia makabati, nawaacha kati ya milango iliyofungwa. Lakini silii. Nilipata nilichokitaka, na si kila mtoto anapata.

Maana mdogo wangu alitembea mwezi wa tano. Tiketi ya bibi ilikuwa imeshapita, mama amemwombea muda wa kukaa, lakini neno lake kwenye kile kitabu lilikuwa palepale, na mama na mimi tulikuwa tukiiogopa siku hiyo kama kiyama. Ilikuwa asubuhi, bibi yuko jikoni na kikaango chake. Mtoto akaachia mguu wa kiti, akapiga hatua moja, mbili, tano, mpaka kwenye jokofu. Mama na mimi tukageuka kumtazama bibi.

Bibi alikuwa ameona kila kitu. Akakigeuza kitumbua, akakibonyeza kwa kijiko.

"Mshikeni mtoto huyo," akasema. "Anaanguka-anguka tu. Kutembea bado."