Golikipa wa Baba Mkwe

Msimu ule kocha wetu mpya hakuniona nikidaka hata mpira mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa golikipa wake. Kabla hamjamsema vibaya mzee wa watu, niwaambie kabisa kwamba katika makocha wote walionifundisha, hakuna aliyemfikia. Tatizo lilikuwa moja tu. Alikuwa baba mkwe wangu.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Sisi Wahehe tunasifiwa kwa hasira, na kwa upande wangu sipingi. Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini niliyoyakuta kule ni darasa jingine. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawapeani mkono, hawali meza moja. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi ya watu, unachuchumaa na kujifunika uso mpaka apite. Wengi wa mjini wameshalegeza kamba, siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wakicheka. Mzee wangu hakulegeza hata uzi. Tangu niolewe nilikuwa nimeona kisogo chake, koti lake na viatu vyake. Sura yake niliijua kwa picha ya ukutani.

Nilikuwa nasoma chuo kimoja upande wa Uyole, nadaka kwenye timu ya wasichana. Kocha wetu wa zamani alipohamishwa, mkuu wa chuo akaambiwa kuna mwalimu mstaafu jirani hapo ambaye ujanani alikuwa golikipa wa kuogopwa mkoa mzima. Akamfuata, mzee akakubali siku hiyohiyo. Mkuu hakujua ukwe wetu. Mzee alijua kwamba nasoma pale, lakini hakujua kwamba nacheza, kwa sababu mume wangu alikuwa amemwambia nusu ya habari. Wanaume hawa!

Siku ya kwanza ya mazoezi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu ya kukata masikio. Nikaona koti linakuja. Nililijua lile koti. Magoti yakanikunjika yenyewe, nikajificha nyuma ya mlezi wetu wa timu, mama mmoja Msafwa mwenye mwili na sauti. Mzee akasalimia, akaomba golikipa apige hatua mbele. Mlezi akajikohoza, akamweleza kwamba golikipa yupo, ila ni mkamwana wake. Wenzangu wakaanza kubana vicheko. Mzee akageuka taratibu, akatupa mgongo sote, akasema akiwa anatazama barabara ya malori.

“Mwambieni golikipa arudi golini. Mimi nitakuwa natazama huku.”

Basi tukaishi hivyo. Mpira ukiwa upande wa wapinzani, mzee anatazama na kuelekeza kama kocha yeyote. Ukivuka katikati kuja kwetu, anageuka. Watu walimcheka, na mimi siku za mwanzo niliona haya mpaka nikataka kuacha. Lakini mzee alikuwa akinisikiliza. Aliujua mpira uliogonga kifua na uliogonga viganja, alijua nimeruka mapema kwa kusikia viatu vyangu vikitua. Mapumziko yakifika anamwambia mlezi, naye ananiletea, akiongeza chumvi yake. Mzee anasema golikipa asiwahi kuanguka. Mlezi anafika kwangu na kusema, baba mkwe anauliza unaanguka kama gunia la viazi kwani nani amekusukuma. Nilikuwa namjibu mlezi kwa ukali, ukali wenyewe nikiukusudia umfikie mzee, naye mlezi akirudi huko anasema golikipa anashukuru.

Na tulishinda, tena tulishinda mfululizo. Nilijifunza kusubiri mguu wa mpigaji, nikajifunza kusimama wima mpaka dakika ya mwisho, mambo ambayo makocha wenye macho hawakuwahi kunifundisha. Ikavuma kwamba kocha wa Uyole ana dawa, akilitazama goli lake inaharibika, ndiyo maana anageuka. Timu moja walitumwagia chumvi langoni kabla ya mechi. Wengine washambuliaji wao walifika mbele yangu wakimtazama mzee badala ya mpira, nikawa nawavunia mpira miguuni. Heshima ya ukwe ikageuka mbinu ya kiufundi, na hakuna aliyehangaika kuwasahihisha.

Ila hakuna kizuri kisicho na watu wake. Ndugu wa mzee wakasikia. Wakaja kikao kizima, wakasema ni aibu mkamwana kurukaruka na kaptula mita chache kutoka kwa baba mkwe, hata kama kageuka. Wakaenda mpaka kwa mkuu wa chuo, naye mkuu hapendi kelele, akasema basi mmoja wetu atoke. Mzee akaomba wamwache golikipa mpaka fainali. Tukilibeba kombe, binti abaki golini na asitokee mtu wa kufungua mdomo tena. Tukilikosa, atamtoa mwenyewe.

Haya yote niliyapata kwa mlezi. Mimi mwenyewe sikuulizwa! Nilikasirika nikapiga teke ndoo ya maji ya timu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mzima chuoni, na kudaka kulikuwa ndiyo furaha yangu, sioni aibu kusema. Nyumbani nainama kwa huyu, napiga magoti kwa yule, nashusha macho kwa mwingine, na sikatai, ndiyo ndoa. Lakini golini nilisimama wima. Sasa hata hapo pamewekwa rehani kwenye mechi moja.

Fainali ilichezwa Iringa, kwenye uwanja mmoja njia ya kwenda Tosamaganga, na wapinzani wetu walikuwa chuo cha hukohuko. Kwa hiyo nilizomewa kwa Kihehe, lugha ya mama yangu, na matusi yote nikayaelewa. Dakika zote zikaisha hakuna bao. Tukaenda kwenye matuta.

Mzee alisimama pembeni ya uwanja usawa wa goli, kisogo kwetu, mikono nyuma. Nilidaka moja, nyingine nikaitoa kwa ncha za vidole, nikaona mabega yake yakicheza kidogo kwa kila mlio. Kisha mwenzetu wa mwisho akapaisha. Likabaki tuta lao moja. Likiingia, kombe lao. Nikilidaka, tunaendelea.

Mpigaji wao alikuwa binti mrefu, na miguu ilikuwa ikimtetemeka, niliiona. Nikasimama wima kama nilivyofundishwa. Mwamuzi akapuliza filimbi. Na hapo mzee akageuka.

Sijui kilimshinda nini. Msimu mzima alikuwa ameweza. Niliuona uso wa mume wangu, ila umezeeka, macho yamenikodolea mimi moja kwa moja. Na mimi, golikipa niliyesifiwa mikoa miwili kwa kusubiri, nikachuchumaa papo hapo nikajifunika uso kwa glovu. Mpira ukapita juu ya kichwa changu, katikati kabisa ya goli, taratibu, mpira wa kitoto. Ningebaki nimesimama ungenigonga kifuani.

Kwenye basi la kurudi Mbeya nililia mpaka Makambako. Ilikuwa hasira, si huzuni. Nilimchukia mzee, nikayachukia magoti yangu, nikazichukia mila zote kuanzia Kilolo mpaka Tukuyu. Nilijua nimekwisha.

Kumbe siwajui wakwe zangu. Ndugu walewale waliotaka nitolewe walisikia jinsi nilivyochuchumaa mbele ya uwanja mzima, kombe likiwa hatarini, wakasema mkamwana wa namna hii hajapata kuingia ukoo wao. Wakaniletea mkungu wa ndizi na jogoo. Nimefungwa bao la aibu kuliko yote maishani, napewa jogoo! Tena wakasema binti mwenye adabu kiasi hiki aachwe acheze anavyotaka. Mwenye kosa ni mzee.

Mzee hakubishana nao. Alikwenda kwa mkuu wa chuo na mlezi akiwapo, na alichosema kule mlezi aliniletea bila chumvi hata chembe.

“Golikipa hakukosea. Mimi ndiye niliyegeuka. Abaki yeye, natoka mimi.”

Nikabaki golini. Tukaletewa kocha kijana anayenitazama tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, anapiga kelele muda wote, na sijajifunza kwake kitu. Mzee akarudi kwenye migomba yake. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi kama kawaida.

Likizo ile nilikuwa jikoni namenya ndizi na mama mkwe. Nikajikaza, nikamuuliza kama mzee aliwahi kusema lolote kuhusu siku ile. Mama hajui mpira, anauita mchezo wa kuchafuana nguo. Akasema aliporudi alikaa na koti lake mpaka chai ikapoa, kisha akasema alidhani mimi ni mkubwa wa umbo, kwa jinsi alivyokuwa ananisikia.

“Halafu akaniuliza mimi, eti asingegeuka, ungeudaka? Nikamwambia baba, mimi nitajuaje, muulize mwenyewe. Akasema hawezi.”

Nilikaa na ile ndizi mkononi. Hasira niliyoitunza miezi yote niliitafuta, sikuiona.

“Mama, mwambie ningeudaka.”

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kanga, akaenda sebuleni kumwambia.