Siku Tuliyompokea Mwenye Nyumba Mpya

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu najijua, nikichelewa nitalikwepa.

Kwa miaka kumi na mmoja nilisimamia vyumba vinane vya kupanga pale Mwisenge. Mwenyewe alikuwa mzee wa Bugwema aliyeuza ng'ombe akajenga, na kodi hakuipandisha hata majirani walipomcheka. Wapangaji walikuwa watu wa leo kwa leo: fundi cherehani, mlinzi wa shule, wasukuma mikokoteni, na bibi mmoja mjane, muuza dagaa, aliyeingia chumba cha mwisho nyumba haijapigwa hata lipu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hawanyeshewi. Kila masika yalipokaribia nilipanda mwenyewe juu ya bati na kopo la lami, nikaziba matundu, huku mafundi wa mtaani wakishangaa mwanamke gani huyu. Washangae! Nilivipenda vile vyumba kupita kiasi.

Mzee akafa. Tulipokwenda kumzika Bugwema tukasikia kwamba mwanawe mkubwa, mfanyabiashara wa Bunda, anataka kuuza nyumba. Wapangaji walirudi wamenywea. Mimi nikajifanya mjuzi. Nikawaambia akija aikute inang'aa, ataona inatunzwa, hatakuwa na moyo wa kuiuza. Isitoshe, kwetu mtu aliyetoka msibani hapokelewi kwenye vumbi.

Wiki nzima tulipaka chokaa, tukaziba nyufa, tukasugua choo mpaka mikono ikachubuka. Bibi alitoa chumba chake apumzikie mgeni, akatandika shuka jeupe ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulilalia. Tukampikia sato na ugali wa muhogo.

Alikula akashiba, akajilaza. Alipoamka alizunguka uani akipapasa kuta. Nilimfuata nyuma.

"Dada, mmepatunza kweli," akasema. "Mimi nilikuwaga najua ni magofu tu, nikasema niuze kiwanja. Sasa siuzi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, mjinga mimi.

"Hapa napiga gesti," akaendelea. "Kama mimi nimelala vizuri hivi, je, wageni wa mjini? Na wewe dada ubaki unisimamie. Watu wako waandikie barua, nawapa miezi mitatu."

Nilimsihi mbele ya watu, nikamtaja marehemu baba yake. Akanijibu kwa upole kwamba baba alikuwa baba. Nikaitamani ile mvua niliyokuwa naizuia miaka yote. Laiti ningeiacha nyumba ivuje!

Barua niliziandika mimi. Nina watoto wanaosoma, na kazi nyingine sikuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu, wala haijawahi kunitosha. Miezi ikaisha. Wengine walikwishahama, wakaishia vibanda vya nje kabisa ya mji. Bibi peke yake alikuwa bado, barua yake ameichomeka ukutani. Hajui kusoma, na siku ile nilimwachia mlangoni nikakimbia. Nilipofika mlangoni kwake, akaniomba nimsomee. Nikasoma yote, kwa sauti yangu hii hii.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi na wewe tunahamia wapi?"

Nikamwambia mimi nimebakizwa.

Hakunilaumu. Aliona futi kamba mkononi mwangu, akasogea pembeni ili nipite nikapime mahali pa kitanda kipya cha gesti.