Ukurasa Uliovuka Kijito Kabla Yetu

Likizo ile ya Desemba nyumba yetu, karibu na Lumino, mashariki mwa Uganda, ilinuka muhogo uliovundikwa. Mama aliumenya, akaufunika kwa majani mpaka ukaota ukungu mweusi, kisha akaukwangua, akauponda na kuuanika juu ya mwamba nyuma ya jiko. Uchachu wake uliingia kwenye blanketi na kwenye nywele, ukaingia hata kwenye madaftari ya Baba, kwa sababu aliyaweka katika sanduku la bati kwenye chumba kilekile cha magunia. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi alikuwa akiandika habari za koo za upande wetu: nani alitoka wapi, nani alimpokea nani, nani alizikwa wapi. Hakuwahi kuchapisha hata ukurasa mmoja, lakini kitabu chake kilisomwa. Alikibeba kwapani daftari moja moja, akaenda nalo nyumba hadi nyumba, akawasomea wazee. Wakikataa jambo, alikata. Wakiongeza, aliongeza pembeni. Nilimwona mara nyingi akirudi jioni amechoka miguu, ameridhika, wino umemchafua vidole.

Mwaka ule mchapishaji mmoja wa Tororo alimwambia kwamba siku hizi hapokei maandishi ya mkono, alete kazi iliyokwisha kupigwa chapa. Baba alikuwa na simu ya kugusa lakini vidole vyake vilikuwa vinene na macho yamechoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. "Nafula," aliniambia, "wewe ndiwe utakuwa mkono wangu." Sijawahi kusifiwa namna ile tena. Kila asubuhi nilikaa barazani, daftari magotini, nikaandika kwa vidole gumba viwili kwa kasi iliyomfanya Mama acheke. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nahamisha maneno tu, kama mtu anayehamisha mawe bila kuuliza yanajenga nini.

Katika daftari la tatu palikuwa na habari za majirani zetu wa ng'ambo ya kijito. Jina la ukoo wao silitaji hata leo. Baba alikuwa ameandika kwamba wakati wa njaa kuu mtoto mmoja aliletwa akabadilishwa kwa kikapu cha mtama, na kwamba majirani wale ni uzao wake, wakaaji kwa hisani. Niliandika sentensi hiyo asubuhi moja kati ya kikombe cha chai na kumfukuza kuku. Siku mbili baadaye Baba alimpelekea daftari lile Bibi Ajambo, mwanamke mkongwe kuliko wote kijijini, akamsomea. Nilikuwepo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, hapo umeandika uongo. Aliyebadilishwa kwa mtama hakuwa wa kwao. Alikuwa wa kwenu. Alikuwa mama wa babu yako." Baba alitoa kalamu nyekundu, akaikata sentensi ile mara mbili, akaandika pembeni maneno ya Bibi. Njiani hakuniambia nirekebishe kwenye simu, nami sikukumbuka. Nadhani aibu ilikuwa imemfunga mdomo, na mimi nilikuwa mtoto.

Jumapili iliyofuata nilitaka kujivuna. Binti wa shangazi yangu, Taaka, alisoma sekondari upande wa Kenya, pale Busia, na alikuwa hodari wa mambo ya simu. Nikamtumia kazi yote. Nilimwandikia, "Ona, ninaandika kitabu." Taaka alikipenda, akakiwekea jalada lenye picha ya machweo na jina la Baba kwa herufi za dhahabu, akakituma kwenye kundi la simu la ukoo wetu. Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake mtu mmoja aliupiga picha ukurasa mmoja tu, ule wenye sentensi ya mtama, akaandika juu yake: UKWELI UMEFICHUKA. Kufikia Jumatano watu wa mbali, wa Merikit na Sop Sop, ambao hawakuwahi kumwona Baba wala daftari lake, walikuwa nao mkononi.

Nilijua kwa mara ya kwanza kisimani. Auma, mjukuu wa Mzee Ouma, mkubwa wa majirani wale wa ng'ambo, alikuwa rafiki yangu tangu tulipoanza shule. Nilimsogezea mtungi, akausukuma kwa mguu. "Usiniguse. Si tulinunuliwa kwa mtama?" Wasichana wengine walinitazama bila kucheka, na kule kutocheka ndiko kulikonitia hofu. Alasiri zilikuja bodaboda nne, wanaume wawili juu ya kila moja. Hawakushuka. "Mwalimu yuko wapi?" mmoja aliuliza. Mama akajibu ameenda shambani. "Mwambie tumesoma kitabu chake. Mwambie kiko vizuri sana." Waliondoka polepole, wakizunguka mwamba wa muhogo, na gurudumu la mwisho likapita juu ya unga ulioanikwa. Asubuhi iliyofuata tulikuta mistari mitatu ya muhogo mchanga imekatwa sawasawa na ardhi.

Siwezi kueleza vizuri hofu ya mtoto anayejua kwamba chanzo ni yeye. Kila injini iliyosikika barabarani niliihesabu mpaka ipite. Nilifuta kazi yote kwenye simu ya Baba, nikadhani nimeokoa kitu. Kisha nikampigia Taaka nikilia. Naye alikuwa analia. "Mimi nimefuta, Nafula. Lakini kwa simu za watu nitafuta aje?" Swali lile limenikaa mpaka leo. Hapo kabla nilidhani kila kilichoandikwa kina mahali kilipo, sandukuni au kwapani mwa mtu, na ukikitaka unakiendea.

Baba aliamini kwamba mchapishaji wa Tororo, aliyewahi kuyaona madaftari, ndiye aliyemwibia. Ijumaa alivaa koti lake la shule ili aende kumshtaki. Aliposhika kitasa cha mlango miguu yangu ilijitupa mbele yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. "Baba, si yule. Ni mimi. Nilimtumia Taaka." Nilifumba macho nikingoja kofi. Nilisikia kiti kikilia, amekaa. Nilipofumbua nilimwona amekunja mikono magotini, akisikiliza barabarani kama bodaboda zinarudi. Sikuwahi kumwona Baba akiogopa. Ningeona heri anipige.

"Uliandika kabla sijakata," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi sikukwambia." Akainuka, akachukua daftari la tatu. "Twende. Wote wawili."

Mama alitushika nguo akimsihi tuwaite polisi kwanza, lakini Baba alisema mtu aliyeandika habari za watu sharti awe tayari kusimama mbele yao. Tulivuka kijito. Uwanjani kwa Mzee Ouma watu walikuwa wamejaa, na vijana wa bodaboda walisimama nyuma yetu mara tu tulipopita. Kijana mmoja aliinua simu. "Mwalimu, jina lako liko hapa. Utakana?"

"Sikani," Baba alisema. "Niliandika. Halafu nikaambiwa nimekosea, nikakata." Akamkabidhi Mzee Ouma daftari. Mzee aliivaa miwani yake, akapitisha kidole juu ya ule wino mwekundu, polepole, kama anayepapasa kovu. Kisha Baba akasema lile ambalo hakuwa amemwambia hata Mama: kwamba aliyebadilishwa kwa mtama alikuwa mama wa babu yake, na kwamba ni watu wa uwanja ule waliompokea na kumlea. Alisema kwa sauti, mbele ya wake na watoto. Nilitazama nyuma kuona kama njia ya kutokea iko wazi. Haikuwa.

"Mbona kwenye simu hakuna huu wekundu?" Mzee Ouma aliuliza hatimaye.

Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti niliyoisikia kwa shida: "Niliuacha nyuma, Babu. Nisamehe."

Mzee alilifunga daftari, akamrudishia Baba. "Waacheni wapite," aliwaambia vijana. Wakatuachia njia, ila yule mwenye simu alisogea mwisho kabisa.

Hatukuguswa tena. Lakini Auma hakurudi kuteka maji nami, na Baba hakuandika tena. Alipofariki, daftari la tatu lilikuwa limesimama palepale alipoishia. Ule ukurasa haukufa. Hujitokeza kila panapokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, mara nyingine una jalada jipya, na daima hauna wino mwekundu.

Leo ninafanya kazi Tororo, katika ofisi ndogo inayoandaa vitabu vya kusomwa kwenye simu. Sisemi ni kazi mbaya. Kuna wanafunzi wa vijijini wanaosoma vitabu ambavyo enzi zangu havikuwahi kuvuka lami. Ila zamani kitabu cha Baba kilifika kwa msomaji kikiwa na mwandishi mwenyewe, anaweza kuulizwa, anaweza kukatazwa, anaweza kuona uso wa mtu aliyemwandika. Sasa kinakwenda peke yake, na anayekipokea husoma kipande akiwa kwenye foleni, akapeleka mbele. Wiki jana mwalimu mmoja kutoka Merikit alileta habari za kijiji chake. Aliniona nasitasita, akacheka. "Tuma tu, dada. Makosa tutarekebisha baadaye." Nilimvutia kiti, nikamwomba anisomee kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza, na anitajie kila mtu aliye hai aliyetajwa humo. Alidhani ninatania. Alipouona uso wangu aliacha kucheka, akakaa, akaanza kusoma.