Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Mwezi wa saba huku kwetu milimani hauna adabu. Baridi inakuingia mpaka kwenye meno, na ukungu unakuja kukaa kwenye korido za hospitali kama naye ana namba ya kumwona daktari. Hospitali nzima ilikuwa na chumba kimoja tu chenye joto la bure, nacho kilikuwa changu: chumba cha seva, ile kompyuta kuu isiyozimwa usiku wala mchana.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta pale, peke yangu. Wauguzi walianika soksi zao nyuma ya seva. Mpishi wa kantini alileta beseni la unga wa maandazi uumuke. Sikukataa, maana andazi la kwanza kuiva lilikuwa langu. Basi siku mama wa usafi alipokuja na boksi la vifaranga kumi na mmoja, wala sikushangaa. Kicheche alikuwa amemchukua mama yao usiku.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wakilala kwangu leo, kesho hawafiki."

"Weka tu, mama. Huku joto lipo."

Naomba mlikumbuke hilo, kwamba nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mama yule alikuwa mjane, kwao Malindi ya hukuhuku milimani, amepanga chumba jirani na hospitali. Alipiga deki korido zile tangu mimi niko shule ya msingi. Kazi ile ndiyo iliyomlelea watoto, na sasa ilikuwa inamlelea wajukuu. Hakuwa na nyingine.

Sasa kosa langu. Hospitali ilikuwa na kompyuta moja inayomjua kila mtu. Ukikaa mapokezi, maabara au famasi, ukaandika jina na nywila yako, swali linakwenda kwake: huyu tunamfahamu? Ikisema ndiyo, unaingia kazini. Ikinyamaza, haingii mtu, hata awe mganga mkuu. Zamani ilikuwa kompyuta hasa, kubwa, imekaa chini ya meza yangu inanguruma kutwa. Nikaichoka. Nilipoletewa seva mpya yenye nguvu, kazi ile nikaihamishia humo ndani kama mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ile ya zamani nikaitupa stoo.

Hapo hakuna ubaya, watu wengi wanafanya hivyo. Ubaya ulitoka kwenye kiherehere changu. Seva yenyewe, ile yenye mwili, nayo nikaiandikisha kwenye utaratibu uleule wa kuuliza, kwa hiyo hata mimi nikitaka kuigusa ilibidi kwanza yule aliye ndani yake aseme ananifahamu. Seva kwa kawaida humkumbuka aliyeingia jana. Hilo nalo nikalizima, nilisoma mahali kwamba ndiyo usalama. Mashine pepe nikaipangia isijiwashe, ningojewe mimi bwana mkubwa niiwashe kwa mkono wangu. Na nywila ya dharura niliiandika vizuri kabisa kwenye faili, faili nikaliweka ndani ya seva hiyohiyo. Jamani!

Fundi mwenzangu wa Tanga alinionya kwenye simu. "Ile ya zamani iache iwe ya pili. Halafu ufunguo usiufungie ndani." Nikamwona mshamba, mtu wa joto asiyejua mambo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Asubuhi moja mama alifika saa kumi na mbili akakuta vifaranga wanatetemeka. Dirisha lilikuwa limepitisha upepo. Akavua blanketi alilojifunga mabegani akalifunika boksi, na boksi lilikuwa juu ya seva. Blanketi likaning'inia likaziba matundu ya hewa, mbele na nyuma. Saa mbili na nusu seva ikazidiwa na joto, ikajizima yenyewe isije ikaungua.

Nilipofika nikatoa blanketi, nikaacha chuma kipoe, nikawasha. Robo saa tu. Seva nzima, haina jeraha. Vifaranga nao wazima, wote kumi na mmoja. Nikacheka hata. Halafu nikaandika nywila yangu, na seva ikanijibu kwamba hakuna wa kunitambua.

Nikaandika tena. Jibu lilelile. Ndipo nikaelewa. Wa kunitambua yuko humo ndani, amelala. Kumwamsha lazima niingie. Kuingia lazima anitambue. Nilitamka neno ambalo halitamkwi kwenye hospitali ya misheni, na muuguzi mmoja akafunga mlango polepole.

Nje foleni ilikuwa imefika getini. Watu wametoka Mlalo na basi la kwanza, wamejifunga mashuka, wanasubiri majibu ya vipimo ambayo yapo, tena yako tayari, ila hakuna kompyuta ya kuyafungua. Madaktari wakarudi kwenye karatasi. Nilikuwa na flashi ya kuokolea seva, lakini ilikuwa nyumbani kwangu Lukozi. Nikapanda pikipiki, utelezi mtupu, kwenda na kurudi, nikafika nina tope mpaka kwenye nyusi. Saa nane nikafanikiwa kuingia. Saa tisa hospitali nzima ikaingia. Wa Mlalo walikuwa wameshaambiwa waje kesho, na bibi mmoja aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi aliondoka ameshikwa mkono.

Saa kumi Katibu wa hospitali akatuita ofisini, mimi na mama. Si mtu mbaya. Ila alikuwa ametukanwa na foleni kutwa, na mtu akitukanwa kutwa hutafuta pa kupeleka.

"Nimesikia ni kuku," akasema. "Wagonjwa wamekaa saa sita kwenye baridi kwa sababu ya kuku!"

Mama akasimama. "Ni mimi, Katibu. Blanketi ni langu. Nisamehe."

Nikangoja aseme kwamba niliruhusu mimi. Hakusema.

"Toa funguo, mama. Nenda nyumbani. Barua utaletewa."

Akatoa pete ya funguo kwenye mfuko wa aproni. Wa nyumbani kwake nao ulikuwa humo, kwa hiyo ilibidi azitoe moja moja zile za hospitali. Wa stoo akauweka mezani. Wa wodi ya wazazi. Wa chumba cha seva. Wa nne, wa choo cha wagonjwa, ukagoma. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi na maji ya deki. Akahangaika nao, akajaribu kwa ukucha, akajaribu kwa jino. Hatimaye ukatoka, akauweka na wenzake.

Hapo nikasema, "Katibu, si yeye."

Nikaanza kueleza, na kwa aibu nikajificha nyuma ya maneno ya kitaalamu, mashine pepe hivi, uthibitisho vile, mpaka Katibu akanyanyua mkono. "Zungumza tukuelewe."

Aliyeelewa alikuwa mama. "Anasema ufunguo aliufungia ndani ya nyumba," akamwambia Katibu taratibu. "Sisi kwetu tukienda shamba tunamwachia jirani."

"Kwa hiyo kuku?"

"Kuku wametuchelewesha robo saa," nikasema. "Saa zilizobaki zote ni zangu. Na kuku wenyewe niliwaruhusu mimi."

Katibu akazisukuma funguo kumrudishia mama. Barua ya onyo nikaletewa mimi, ipo kwenye faili langu mpaka leo. Na niseme kweli, nilitoka mle ofisini nikijisikia mwepesi. Mficha uchi hazai, nikajiambia. Wiki nzima nilitembea kifua mbele, nikijiona nimemwokoa mtu.

Nikarekebisha mambo. Seva nikaitoa kwenye ule uandikishaji, ikawa na mlango wake yenyewe. Mashine pepe nikaipangia ijiwashe kila seva ikiwaka. Ile kompyuta ya zamani nikaitoa stoo, nikaifuta vumbi, ikarudi chini ya meza kunguruma kama ya pili. Nywila ya dharura nikaiandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikagundisha. Fundi wa Tanga, nilipompigia tena, alisema aachiwe mtu wa kuaminika aliye nje ya ofisi yangu. Sikufikiri mara mbili.

Nilimkuta mama kwenye kijistoo chake cha mifagio, anakamua dekio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa bahasha. Nikamwambia ndiye jirani yangu sasa, huu ni ufunguo wa kila kitu, akae nao. Nilitegemea atacheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta maji kwa aproni, akaiweka juu ya rafu nyuma ya makopo ya sabuni. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Siku ile ofisini, ulikuwa unajua tangu asubuhi kwamba si kuku?"

"Nilikuwa najua, mama."

Akatikisa kichwa. Akalishika dekio tena, akalikamua mpaka maji yakaisha.

"Ule wa choo unakwamaga," akasema. "Nilihangaika nao, na wewe umekaa pale unanitazama. Ungesema nilipotoa wa kwanza."